Kupanda Mlimani

Jumapili, tarehe 2

Dada yangu mpenzi,

Mikono ndiyo usiniulize kabisa. Ukiona mwandiko unayumba usidhani nimeandikia ndani ya gari. Ni vidole, Dada. Vinakataa kukunjika, na vikishakunjika vinakataa kukunjuka. Kalamu nimeishika kama mtoto wa chekechea. Lakini nina furaha! Nina furaha mpaka naogopa.

Barua iliyopita niliikatishia pale Fundi wangu alipoingia na maboksi mawili ya viatu vya mlima, si ndiyo? Basi hadithi haikuishia kwenye viatu. Alipiga goti sakafuni, akanivalisha kimoja kimoja, akafunga kamba, akasema, "Mke wangu, likizo yetu tunapanda." Ule mlima mkubwa, Dada! Ule tunaouona dirishani asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Nilinyamaza. Wewe unanijua, mimi kunyamaza ni mpaka nizibwe mdomo. Nilikuwa namtazama tu, na jasho la kazi bado liko kwenye paji lake, nikajiuliza, kumbe huyu mwanamume niliyemwona kila siku na bisibisi mfukoni alikuwa ameficha ndoto kubwa namna hii?

Sasa ili tupate nguvu, ametuandikisha kwenye ukuta wa kukwea. Ni ghala la zamani, wamepigilia mbao kuanzia chini mpaka darini, na juu ya mbao wamefunga vishikio vya plastiki vya kila rangi, vingine kama viazi, vingine kama masikio. Unavaa mkanda kiunoni na mapajani, unafungwa kamba, kamba inapita juu inarudi chini kwa mwenzako. Wewe unakwea, yeye anavuta. Ukiteleza, yeye ndiye anayekuzuia. Viatu vya kukwelea vinabana, Dada, vidole vya miguu vinalaliana kama abiria. Mwalimu wetu ni mama mmoja mwembamba, wanamwita Mjusi na mwenyewe anaitika. Siku ya kwanza alinipigia kelele mbele za watu, "Bi harusi! Unaukumbatia ukuta kama mume! Mume yuko chini! Mikono ni ya kushikilia tu, miguu ndiyo ya kukwelea!"

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nimefika kishikio cha tatu nikaganda, na chini Fundi wangu anasema, taratibu, kwa ile sauti yake, "Nimekushika." Neno moja tu. Dada, niliyeyuka. Mjusi akadhani nimechoka, akaamuru nishushwe.

Wenzake kazini wanamtania. Eti mtu analipwa kutengeneza lifti ili watu wasipande ngazi, leo anatoa pesa kutafuta ngazi isiyo na vipandio. Anacheka nao. Akirudi nyumbani hawezi hata kuvua soksi, namvua mimi. Jana chai ilipoa mezani sote wawili tumelala tumekaa, kichwa changu kwenye bega lake. Ndoa tamu jamani.

Vifungo na zipu nimevifunga kwenye kifurushi pamoja na barua hii. Simu yako wewe huwashi, basi nitaendelea kukutumia maneno pamoja na nyuzi.

Mdogo wako mwenye furaha na asiye na vidole.


Ijumaa, tarehe 7

Mdogo wangu Kiherehere,

Vifungo nimevipata. Zipu niliomba buluu umeniletea nyeusi. Ndoa imekufika machoni.

Simu siwashi kwa sababu nikiiwasha wazazi wa wanafunzi wote wananipigia kuuliza sare. Shule zinafunguliwa, unajua hali inavyokuwa. Nina marundo mawili ya sketi yanayonitazama kama watoto wasiokula. Mgongo umeniuma tangu Jumatatu lakini cherehani haina likizo.

Nimesoma habari ya ukuta mara mbili ili nihakikishe ni wewe uliyeandika. Wewe uliyekuwa ukitumwa kuchukua ungo juu ya kabati unamwita jirani? Na huyo mumeo, samahani sana, siku ya harusi nilimwona akipanda ngazi za ukumbi. Alikuwa ameshika ukuta kwa kiganja kama anayetafuta wapi kuna unyevu. Tangu lini anapenda milima? Lakini apendaye haulizi, basi nami siulizi.

Sasa la mlimani. Baba Mdogo alikuja. Alisimama mlangoni, hakukaa, na unajua asipokaa ana neno. Akasema, "Shamba si picha ya marehemu, mtu analitundika analitazama. Tangu kaka afe limelala. Mvua hizi zikipita halijapandwa, namkodisha jirani, na nikimkodisha msije na machozi, maana atakaa miaka." Nikamwambia mdogo wangu anakuja kupanda miparachichi na mume wake, wameshakubaliana tangu uchumba. Akaangua kicheko. "Yule wa lifti?"

Nilimtetea mumeo, kwa hiyo usiniangushe. Uliniambia mwenyewe, kabla hata ya posa, kwamba umemweleza habari ya mlimani na akasema hata kesho. Sasa likizo yenu ni moja, mvua ni hizi hizi. Mnakwenda kwenye mawingu kutafuta nini?

Jumapili nilipata nafasi, nimelima nusu. Udongo bado mzuri.

Dada yako.


Jumatano, tarehe 12

Dada, Dada, Dada,

Barua yako niliisomea kazini, kwenye kitalu, nimekaa kwenye magunia ya mboji. Nimeisoma nikalia, kisha nikalala hapo hapo na barua kifuani. Msimamizi ndiye aliyeniamsha. Jana tena nilidondosha trei nzima ya miche kwa sababu vidole vilifunguka vyenyewe, na yeye akainama kuokota akasema, "Bi harusi, miche haina kosa." Sasa amenihamishia kwenye kumwagilia, kazi ya mpira wa maji, maana huo hata ukidondoka hauvunjiki. Nimechoka, Dada. Nimechoka mpaka kwenye nywele. Sijamwambia mtu.

Lakini ngoja nikuambie ya Jumamosi kwanza, ndipo utaelewa kwa nini siwezi.

Fundi wangu alifika juu kabisa! Mpaka kwenye kengele! Pale juu kuna kengele, ukifika unaigonga. Yeye hakuigonga. Alikaa. Alifumba macho, akaegemeza shavu lake ukutani, kimya, kama mtu anayesali. Watu wote waliacha walichokuwa wanafanya wakawa wanamtazama. Nilikuwa nimeshika kamba na machozi yananitoka, nikamwita, "Furahia, mpenzi! Furahia, usiwe na haraka!" Akakaa tena. Alikaa mpaka Mjusi mwenyewe akakwea kumfuata, wakanong'onezana huko juu, kisha wakashuka pamoja polepole. Alipofika chini uso umelowa. Alikuwa amelia! Mwanamume mzima amelia kwa furaha ya kuwa juu. Nilimkumbatia mbele za watu, sikujali.

Sasa mtu wa namna hiyo, Dada, unamwambiaje kwamba mkeo hautaki mlima?

Ndiyo, siutaki. Nimeandika. Siutaki, nauogopa, kila nikiwa kwenye kile kishikio cha tatu tumbo linashuka kabla yangu. Ninachotaka mimi ni mlimani kwetu. Miche ya miparachichi nilishaichagua, naimwagilia hapa hapa kitaluni kila siku, nimeisogeza upande wa kivuli watu wasiinunue. Na nilimwambia, Dada, sikukudanganya. Siku aliponiomba tuoane aliniuliza natamani nini kuliko vyote. Nikamwambia, natamani tupande mlimani, mimi na wewe. Akanishika mikono akasema, "Hata kesho." Nikaamini. Kisha ikapita harusi, shamba hakulitaja hata siku moja, akaja na viatu. Nikaelewa kuwa alisahau. Mtu mwenye ndoto yake husahau ya mwenzake, si kwa ubaya. Nikasema moyoni, basi mimi ndiye nitakayenyamaza, kupendana si ndiko huko?

Tafadhali mzuie Baba Mdogo mpaka mwakani. Mwambie ninaumwa, mwambie lolote. Na kama ukikutana na Fundi wangu, au ukimwandikia, usimwambie neno. Nakuapiza kwa jina la marehemu baba.

Nimetuma zipu za buluu.

Mdogo wako.


Alhamisi, tarehe 13

Kwa Shemeji,

Salamu nyingi. Mimi si mtu wa barua. Kazini naandika "lifti imetengenezwa" naweka sahihi, basi. Kwa hiyo unisamehe nikikosea. Anwani yako nimeitoa kwenye kifurushi cha zipu alichonipa mke wangu nipeleke stendi, na barua hii nimeisukuma humo humo ndani. Yeye hajui.

Shemeji, nimefikwa. Mdogo wako anaupenda mlima kupita kiasi na mimi naogopa urefu.

Najua utasema fundi wa lifti gani anaogopa urefu. Watu wote wanasema hivyo. Shimo la lifti lina giza. Unashika waya wako, unatazama nati yako, chini hakuonekani. Ule ukuta wa kukwea una taa kama kiwanja cha mpira. Chini kunaonekana vizuri sana, na chini yupo mke wangu.

Jumamosi nilifika juu kwa sababu nilikuwa nimefumba macho tangu katikati. Nilipogusa dari nikajua nimepotea. Mikono ikagoma kuachia. Nikajaribu kumwita mwalimu, sauti haikutoka. Na mke wangu chini ananipigia kelele nifurahie. Nifurahie, Shemeji! Mwalimu alipanda kunifuata akaniuliza, "Baba, unashuka au tukuletee godoro ulale huku?" Nikamwambia usimwambie mke wangu. Akanibandua kidole kimoja kimoja. Nimelia. Mke wangu akanikumbatia, anatetemeka kwa furaha, na mimi nikaona aibu kubwa kuliko ya kulia.

Kwa nini nafanya haya, ni hivi. Siku niliyomwomba tuoane nilimuuliza anatamani nini kuliko vyote. Nilidhani atasema friji. Akasema, "Natamani tupande mlimani, mimi na wewe." Alivyosema, macho yake sijawahi kuyaona vile, wala baadaye. Ningemwambiaje kwamba mimi hata kubadilisha taa ya sebuleni nashikilia mlango? Nikasema hata kesho. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikitoka kazini mwili umekufa, halafu twende ukutani. Yeye kila siku anaamka anaimba. Nikimwona anaimba natafuta viatu vyangu.

Likizo imekaribia. Kule hakuna Mjusi wa kunibandua.

Ninaomba msaada wako. Ungeweza kumwandikia kwamba unaumwa? Si ugonjwa mkubwa. Ugonjwa mdogo tu wa kumfanya aje kwako badala ya mlimani. Mimi nitaonyesha kusikitika. Lakini usimwambie kwamba naogopa. Anavyoniona sasa, Shemeji, hakuna mtu aliyewahi kuniona hivyo.

Shemeji yako, Fundi.


Jumatatu, tarehe 17

Kwenu wote wawili,

Nimeandika majina yenu yote mawili juu ya bahasha, na nimemwambia mtu wa stendi asimpe mmoja bila mwingine. Mkae mezani. Fundi asome kwa sauti. Kiherehere anyamaze mpaka mwisho, ingawa najua hilo ni kumtesa.

Kila mmoja wenu amekuja kwangu na mzigo wake, akanitwisha kichwani, akasema, Dada usiutue. Shemeji usiutue. Mmoja ameniapiza kwa marehemu baba. Mwingine ananitaka niugue. Barua zilikuja ndani ya kifurushi kimoja, moja juu ya nyingine, zimetenganishwa na zipu. Nimezisoma nikazima cherehani. Nikacheka peke yangu kama mwehu mpaka jirani akagonga ukuta.

Shemeji, sikiliza. Kwetu sisi mlimani si mlima. Mlimani ni shamba la marehemu baba. Tumeliita hivyo tangu tukiwa wadogo kwa sababu liko kwenye kijilima ambacho mbuzi anakimaliza huku anatafuna. Tukisema "wako mlimani" tunamaanisha wanapalilia. Na kupanda, kwa mtu anayeshinda kwenye kitalu na udongo kwenye kucha, ni kutia mche ardhini. Mke wako hajawahi kulitumia neno hilo kwa maana nyingine tangu aanze kazi. Alichokuomba siku ile ni mpande naye miparachichi. Hakutaka uguse wingu.

Na wewe Kiherehere, mumeo hakukusahau. Alikusikia kila neno. Tatizo ni kwamba alikusikia kwa masikio ya mtu asiyetoka kwetu. Pale juu kwenye kengele hakuwa anasali. Aliganda. Alikuwa anamwita Mjusi, na wewe unamwambia afurahie.

Basi. Yote mawili nimeyatua. Mtanikasirikia mkipenda, nitakuwa hapa nashona.

Sijawatetea wala siwasemi. Mmoja anakatika vidole kwa ajili ya ndoto ya mwenzake, mwenzake analia darini kwa ajili ya ndoto ya mmoja, na ndoto yenyewe haina mwenyewe. Ningekuwa na nguvu ningewatania mwaka mzima. Sina. Nimechoka, na hili nalisema mara moja tu. Mchana nashona, jioni nakwenda mlimani kabla giza halijaingia, nimefika kwenye ule mpaka wa juu. Baba Mdogo anamleta jirani mwisho wa mwezi kulitazama shamba. Akilikuta limelimwa lakini halina mche, atasema nimemfyekea mpangaji wake.

Siwaiti. Watu wenye likizo moja wachague wenyewe. Lakini chagueni mkiwa mnatazamana.

Dada yenu.


Ijumaa, tarehe 21

Dada yangu,

Alisoma yeye. Mimi nilinyamaza, naapa, nilijiwekea kiganja mdomoni. Alipofika pale "mlimani si mlima" akaacha kusoma. Akairudia kimoyomoyo, midomo inacheza, kisha akaendelea mpaka mwisho. Akaweka karatasi mezani, akailaza vizuri kama anavyolaza nati anazofungua ili zisipotee.

Akasema, "Kwa hiyo ule ukuta wote..."

Nikasema, "Wote."

"Na vidole vyako?"

"Na wewe ulikuwa unamwita Mjusi?"

"Sauti haikutoka."

"Na mimi nikasema furahia."

"Mara mbili," akasema. "Ulisema mara mbili."

Tulicheka, Dada, mpaka akateleza kwenye kiti akakaa sakafuni. Kisha mimi kicheko kikageuka, sijui kiligeuka wapi, nikawa nalia kama niliyefiwa. Nilikuwa nimekasirika na sikujua. Wiki zote hizo nilikuwa namtazama nikisema moyoni, amenisahau lakini mimi nampenda hivyo hivyo, na nikajiona mtu mwema sana. Nilimwambia. Yeye naye akaniambia kwamba usiku akinitazama nimelala alikuwa anaogopa kwamba siku nikijua yeye ni mwoga, macho yale niliyomtazama nayo siku aliponiomba tuoane nitampa mtu mwingine. Nilimwambia macho yale yalikuwa ya parachichi. Akasema, "Basi hata hayo sikuyasoma." Hakuwa anacheka tena.

Hatukumaliza. Tulilala. Dada, tulilala kutoka mchana ule mpaka asubuhi, na nguo zetu, na mlango wa jikoni uko wazi, na hakuna aliyemvua mwenzake soksi. Sikujua kama watu wawili wanaweza kuchoka pamoja vizuri namna ile.

Jana tulikwenda ghalani kurudisha mikanda. Mjusi alipousikia mkasa wetu hakucheka hata kidogo. Alitutazama, akamtupia Fundi kamba, akasema, "Kwea mara moja tu, ukiwa mkweli." Nikashika kamba. Fundi wangu akakwea, macho wazi. Alifika kishikio cha tatu, pale pangu. Akageuza kichwa chini akanitazama, uso umepauka kama chaki, akasema mbele ya watu wote, kwa sauti kabisa, "Mke wangu, hapa naogopa. Nishushe."

Nikamshusha.

Dada! Nilikuwa nadhani nimempenda siku ya harusi. Nilikuwa sijaanza.

Hatujui tutawaambia nini wenzake kazini. Ameshawaahidi picha ya kileleni. Viatu vya mlima havirudishwi dukani, Fundi anasema vitafaa kwa matope. Na jana usiku aliniuliza, anatazama dari, "Sasa tusipokuwa na ukuta, jioni tutakuwa tunaongea nini?" Nikamwambia sijui. Kweli sijui. Tuna hofu kidogo, kama wageni waliobaki peke yao sebuleni. Leo asubuhi ameanza kwa kunieleza jinsi lifti inavyojua ipo ghorofa ya ngapi. Nimemsikiliza mpaka maji ya chai yakakauka.

Lakini sikukuandikia kwa ajili yetu. Leo nimezitoa barua zako zote nimezisoma tena, safari hii nikikutafuta wewe. Umeandika "nimelima nusu" kama mtu anayesema amefagia uwanja. Umeandika mgongo umeuma tangu Jumatatu, na mimi nikakujibu kuhusu kengele. Ulishona watoto wa watu mchana, jioni ukapanda mlimani na jembe peke yako, ukafika mpaka wa juu, na katikati ya hayo wapumbavu wawili wanakutumia siri ndani ya zipu. Hakuna aliyekuuliza unalala saa ngapi. Nakuuliza sasa. Na usinijibu kwa barua.

Likizo tumeshaiombea ruhusa upya, yote, ni ya kuja kwako. Msimamizi wa kitalu ameniuzia miche yangu ya kivulini kwa bei ya mfanyakazi, akasema bora iende kabla sijaidondosha. Fundi ameitengenezea sanduku la mbao lenye matundu ya hewa, amelipima kama anatengeneza lifti ya wafalme. Mwambie Baba Mdogo aje na jirani yake akitaka, tutawakaribisha wote wawili, na jirani tutampa jembe.

Wewe weka jembe chini. Usilime tena hata tuta moja. Usitupikie, usitutandikie. Siku ya kwanza tutakaa na wewe tu, tukukunjie sketi, Fundi akutazamie hiyo cherehani inayokuvunja mgongo, na ulale mchana ukiwa unasikia watu wengine wanafanya kazi. Kesho yake ndipo utuonyeshe mpaka.

Tunakuja, Dada. Kabla mwezi huu haujaisha utasikia mlango unagongwa, na tutakuwa wawili.

Mdogo wako.